Mistari Miwili ya Upande wa Kusi: Mtafiti, Mwalimu na Mikorosho 48

Ilikuwa Agosti, mwaka wa pili wa mradi. Mtafiti aliyaweka madaftari ya wanafunzi juu ya boneti ya gari, akafunua moja, akafunua la pili, akafika la sita. Kisha akamwambia mwalimu wa Baiolojia kwa sauti ya chini, ili watoto wasisikie: "Mwalimu, hawa wamenakiliana."

Mwalimu hakujibu hapo hapo. Aliyakusanya madaftari, akayapanga upya kwa namba, akayakumbatia kifuani. "Dokta," alisema, "watoto wangu kwenye mtihani wa Kiingereza wananakiliana, sikatai. Kwenye mikorosho hawana haja."

Nilikuwa nimesimama hatua tatu kutoka hapo. Mimi ni mkufunzi wa ualimu, na niliombwa kuufuatilia ushirikiano huu kwa miaka miwili, niandike unakwendaje. Nilikuwa nimejaza kurasa nyingi kabla ya siku ile, lakini nikizisoma leo naona kisa chenyewe kilianzia kwenye boneti ya lile gari. Kwa hiyo nitaeleza kwanza tulivyofika pale.

Shule ni ya sekondari ya kata, iko juu ya uwanda wa Makonde mkoani Mtwara. Siitaji jina, na waliohusika watajitambua. Ina jengo la maabara lililojengwa wakati wa ile kampeni ya mwaka 2014 na 2015, kila shule ya kata ilipotakiwa iwe na maabara tatu: Fizikia, Kemia na Baiolojia. Moja ilimalizika. Ya pili ilifika kwenye lenta. Ya tatu ni msingi, na wanafunzi huukalia wakati wa mapumziko. Ile iliyomalizika ilikuwa na meza za zege, masinki yasiyo na bomba, na magunia ya mahindi ya chakula cha mchana, kwa sababu ndilo jengo pekee lenye mlango unaofungika vizuri. Nyuma yake kuna shamba la mikorosho la shule, mistari sita ya miti minane minane. Yote 48 ilipandwa kwa nafasi ya mita kumi na mbili kama wataalamu wanavyoshauri, jambo ambalo wakulima wengi wa zamani hawakulifuata.

Mtafiti alikuwa kijana wa shahada ya uzamivu kutoka chuo kimoja nje ya mkoa, akishughulikia magonjwa ya mimea. Wanafunzi walimwita Dokta tangu siku ya kwanza. Alijaribu kuwaambia bado hajawa, wakacheka, wakaendelea. Fedha zake za utafiti zilikuja na sharti moja, kwamba sehemu ya kazi ishirikishe shule. Sharti hilo si geni duniani. Mwaka 1987 wanasayansi wa Chuo Kikuu cha California, San Francisco, wakiongozwa na Bruce Alberts, walianza kushirikiana na walimu wa shule za mji huo, na tangu hapo nchi nyingi zimeanzisha mipango ya aina hiyo. Sharti lenyewe sina ugomvi nalo. Ugomvi wangu ni jinsi andiko la mradi lilivyoandikwa. Ukurasa wa tatu ulikuwa na jedwali la wahusika, na humo mwalimu wa Baiolojia aliwekwa chini ya kichwa "wanufaika", pamoja na wanafunzi na "jamii inayoizunguka shule". Andiko lilitungwa kabla hajaulizwa jambo lolote. Alilisoma mara ya kwanza siku mtafiti alipokuja kujitambulisha kwa mkuu wa shule, na baadaye aliniambia, akicheka kidogo: "Kumbe nimenufaika, nami sina habari."

Mwaka wa kwanza nitaupita haraka, maana ulikuwa mwaka wa maonyesho. Mtafiti alikuja mara nne. Mara ya kwanza alileta projekta, umeme ukakatika, akaeleza kwa mdomo. Mara ya pili alileta hadubini mbili nzuri, wanafunzi wakapanga foleni, kila mmoja akachungulia sekunde kumi. Mara ya tatu aliongelea maisha ya mwanasayansi. Mara ya nne ilikuwa mahafali. Kila mara mwalimu alisimama mlangoni akinyamazisha watu na kutafuta viti. Kila mara wanafunzi walipiga makofi, na Jumatatu yake kipindi kilirudi ubaoni kama kawaida: kichwa cha somo, maelezo, nakilini. Mtafiti aliandika kwenye ripoti yake kuwa wanafunzi wamehamasika. Hakudanganya. Hamasa ilikuwepo, na iliisha kabla vumbi la gari halijatua.

Kulikuwa pia na suala la posho, na nalisema kwa sababu ripoti za miradi hulificha. Mwalimu alibaki shuleni Jumamosi nne bila hata nauli ya bodaboda, huku dereva wa mtafiti akisaini karatasi ya kujikimu mbele yake. Hakulalamika. Aliacha tu kuja Jumamosi ya tano, na mtafiti akadhani ana mgonjwa.

Kilichogeuza mambo ni swali la mzee mmoja, mjumbe wa bodi ya shule. Kwenye kikao cha Januari mtafiti alipomaliza kueleza mpango wa mwaka wa pili, mzee aliomba nafasi. Alisema babu yake alibeba mifupa ya Tendaguru. Wasiojua: Tendaguru iko mkoa jirani wa Lindi, na kati ya mwaka 1909 na 1913 Wajerumani walichimba pale mifupa ya dinosaria wa miaka milioni 150 hivi iliyopita. Wenyeji kwa mamia walifukua, wakafunga mizigo, wakaibeba vichwani na mabegani hadi bandari ya Lindi. Zaidi ya tani 200 zilisafirishwa, na yule mkubwa kuliko wote, mwenye urefu wa zaidi ya mita 13 kwenda juu, amesimama hadi leo kwenye makumbusho ya Berlin. "Babu alibeba," mzee alisema, "lakini hakuambiwa amebeba nini. Sasa wewe mwanangu, hawa watoto watabeba nini, na wataambiwa lini?"

Mtafiti hakuwa na jibu, na kwa heshima yake hakulitunga. Alimtazama mwalimu. Mwalimu ndiye aliyesema: "Mzee, tuwaulize wao wanataka kujua nini."

Jambo hilo lilikuwa jepesi kusema na gumu kutenda. Siku ya kwanza mwalimu aliuliza kidato cha tatu kwa Kiingereza, kama kanuni za sekondari zinavyotaka, wana swali gani kuhusu mimea inayowazunguka. Kimya. Mmoja akasimama, akasema fotosinthesisi, akakaa. Mwalimu akafunga mlango, akauliza tena kwa Kiswahili. Kwa saa nzima hakuweza kuwanyamazisha. Kwa nini mkorosho wa bibi unazaa kila mwaka na wa baba unaruka mwaka? Kwa nini mabibo mekundu na ya njano yanatoka kwenye miti tofauti, na lipi lina maji mengi? Kwa nini ubwiriunga unaanza ndani ya mti, karibu na shina, kisha ndio unatoka nje kwenye maua? Swali hili la mwisho liliulizwa na binti mmoja wa nyuma, ambaye kwenye daftari la maendeleo la Baiolojia alikuwa na alama ishirini na kitu.

Mtafiti alinyanyuka kwenye kiti. Swali hilo ndilo watu wa fani yake wanaloulizana.

Niseme kidogo kuhusu ubwiriunga, kwa ajili ya msomaji asiye wa kusini. Ni ugonjwa wa fangasi unaofunika majani machanga, mashada ya maua na korosho changa kwa unga mweupe kama wa muhogo. Hupenda majira ya baridi ya kusini, Juni hadi Septemba, na ndipo mikorosho inapochanua. Shada likishikwa mapema, maua hukauka na korosho hazitungi. Tanzania ilivuna korosho kiasi cha tani 145,000 msimu wa 1973/74. Mwishoni mwa miaka ya 1980 mavuno yalikuwa yameporomoka chini ya tani 20,000. Sababu zilikuwa kadhaa: watu kuhamishiwa vijijini mbali na mashamba yao, bei mbaya, na ubwiriunga. Wazee wa Newala na Tandahimba wanakumbuka miti iliyoachwa ikageuka pori. Dawa iliyookoa zao ni salfa, unga wa njano unaopulizwa kwa mashine ya mgongoni, na kituo cha utafiti cha Naliendele, karibu na mji wa Mtwara, kilifanya kazi kubwa kuwafikishia wakulima maarifa hayo. Salfa huzuia mbegu za fangasi zisiote. Ndiyo maana hupulizwa kabla ugonjwa haujaenea, na hurudiwa kila majani na maua mapya yanapotoka.

Na yule binti alikuwa sahihi. Msimu ukipita, fangasi hujihifadhi kwenye machipukizi laini yaliyo kivulini ndani ya mti, na baridi ikirudi huanzia humo. Wataalamu hushauri kuyaondoa kabla ya msimu. Binti hakusoma popote. Alikuwa anapalilia chini ya mikorosho tangu ana miaka saba.

Basi swali likawa hilo: tukiyaondoa machipukizi ya ndani, ubwiriunga utapungua kwa kiasi gani kwenye maua? Mtafiti alifurahi, mwalimu alifurahi. Mkuu wa shule hakufurahi.

Kikao cha mkuu wa shule ndicho ambacho wanaoandika kuhusu ushirikiano wa namna hii hawakifikii. Mtafiti alitaka miti yote iachwe bila salfa ili athari ya machipukizi ionekane peke yake. Mkuu alimsikiliza mpaka mwisho, akafungua droo, akatoa daftari la mapato ya shamba. Shule ilikuwa imepata salfa ya ruzuku mwaka ule, kwa mara ya kwanza baada ya misimu kadhaa ya kukosa. Korosho zile ndizo hununua chaki, karatasi za majaribio na mahindi yaliyolala maabara. "Dokta," alisema, "unaniomba nisiwapulizie watoto chakula chao ili ujue watakufa njaa kiasi gani." Hapakuwa na mzaha katika kauli hiyo, na hakukosea. Shamba la shule si kitalu cha utafiti. Mwanasayansi akija shuleni anakuta kila kitu tayari kina kazi: ardhi, saa, hata jengo lake la maabara.

Walisuluhishwa na mwalimu wa Kemia, mtu mkimya ambaye hadi hapo hakuwa kwenye orodha yoyote. Alichora shamba ubaoni. Mistari mitatu ya upande wa magharibi ipulizwe, shule ipate chake. Mitatu ya mashariki iachwe. Mtafiti akaongeza jambo lililotuonyesha wote kuwa ana akili: majira yale upepo wa kusi hutoka kusini-mashariki, kwa hiyo salfa ya mistari inayopulizwa itapeperukia mbali na miti isiyopulizwa. Tukampongeza. Miti 24 ya mashariki ikagawanywa kwa kura, vikaratasi ndani ya kofia: kumi na miwili isafishwe machipukizi, kumi na miwili iachwe ilivyo. Ile iliyoachwa wanafunzi waliiita "miti shahidi". Hakuna aliyewafundisha neno hilo. Baadaye niligundua Wafaransa nao, kwenye majaribio yao, huita shahidi.

Ratiba aliipanga mwalimu, na hapa ndipo nilipoona kwa mara ya kwanza mtafiti akipokea maelekezo. Alitaka vipimo kila siku tatu. Mwalimu akamwonyesha kalenda: likizo ya Juni, mtihani wa utimilifu wa kidato cha nne, michezo, na kuanzia Oktoba watoto wanaokota korosho nyumbani, darasa linabaki nusu. Wakakubaliana mara moja kwa wiki, Jumatano, vipindi viwili vya mwisho. Wakati wa likizo wanafunzi wanane wanaoishi karibu wangeendelea. Mtafiti angelipa nauli na chai, kwa karatasi ya kusaini kama ya dereva. Kanuni moja aliiweka mwalimu na hakutaka ijadiliwe: siku ya kupuliza mwanafunzi yeyote hasogei shambani, maana salfa inawasha macho na kubana kifua.

Kipimo chenyewe kilikuwa cha macho. Kila mti una mashada kumi yaliyofungwa uzi, na kila shada linapewa namba: 0 ni safi, 1 unga kidogo, 2 robo, 3 nusu, 4 limefunikwa lote. Wanafunzi walifanya kazi wawili wawili, kila mmoja akiandika bila kumwonyesha mwenzake, ndipo walinganishe. Daftari lilikuwa na pande mbili. Kushoto Kiswahili, maneno yako mwenyewe, hata Kimakonde ukipenda. Kulia Kiingereza, kwa ajili ya mtihani, na kinajazwa darasani pamoja. Wazo la daftari la mtoto kwa maneno yake niliwapa mimi, na mimi nililipata kwa Georges Charpak, Mfaransa aliyeshinda tuzo ya Nobel ya Fizikia mwaka 1992 kisha, mwaka 1996, akaanzisha mpango wa sayansi kwa vitendo katika shule za msingi za nchi yake. Lakini lile wazo la pande mbili ni la mwalimu. Charpak hakuwa na tatizo letu. Watoto wake walifikiri, wakaandika na kutahiniwa kwa lugha moja.

Tofauti ya kurasa hizo mbili inastahili makala yake. Upande wa kushoto nilisoma: "Shada la nne jana lilikuwa na unga chini tu, leo umepanda kama mtu aliyevaa soksi." Upande wa kulia, mwanafunzi huyo huyo, kwa Kiingereza: "The flower has disease," yaani shada lina ugonjwa. Ukipima akili ya mtoto huyu kwa ukurasa wa kulia utamwandikia alama ishirini.

Tukafika Agosti, na boneti.

Mtafiti alikuwa na sababu ya kushuku. Namba zilikuwa zinafanana mno. Mistari miwili ya nje kabisa, ule wa kwanza na wa pili kutoka mpaka wa kusini-mashariki, karibu mashada yote yalikuwa 0 na 1, kwa kila jozi ya wanafunzi, miti iliyosafishwa na miti shahidi sawasawa. Mstari wa tatu, ulioko ndani zaidi, ulikuwa 3 na 4 tupu. Miti haina tabia hiyo. Ugonjwa hausomi mistari. Mtu aliyezoea takwimu akiona hivyo hufikiria kitu kimoja, kwamba watoto walipima mti mmoja wakajaza mingine kivulini.

Baada ya lile jibu la mwalimu palikuwa na ukimya mbaya. Ushirikiano mwingi hufia hapo, nimeuona ukifa. Mwanasayansi anasema data ni mbovu, mwalimu anasikia kwamba darasa lake ni bovu, wote wawili wanaendelea kusalimiana kwa adabu mpaka fedha ziishe. Kilichotuokoa ni kwamba mwalimu hakubaki kwenye kujitetea. Alisema: "Twende tukapime mimi na wewe. Wewe usinionyeshe, nami nisikuonyeshe."

Walipima kwa saa mbili. Walitoka na namba zile zile za watoto.

Mtafiti alikaa chini ya mti wa mstari wa pili. Mwalimu alimwita yule binti wa nyuma na wenzake watatu, na mbele yao mtafiti akasema maneno ambayo nadhani hakuwa amewahi kuyasema mbele ya wanafunzi: "Nilidhani mmenakiliana. Nilikosea. Na sijui kwa nini iko hivi." Wanafunzi walitazama chini kwa aibu, kama inavyostahili mkubwa anapoomba radhi. Kisha mvulana mmoja akauliza, kwa upole: "Dokta, ile mashine ya jirani huisikii?"

Hakuisikia. Yeye alilala mjini, akafika saa tatu. Jirani wa upande wa kusini-mashariki ana mikorosho mingi, na hupuliza alfajiri kama wapulizaji wengi wanavyofanya, hewa ikiwa imetulia na umande ungali kwenye majani ili salfa ishike. Wanafunzi waliisikia mashine yake kabla ya kengele ya kwanza. Mwalimu pia, tangu Juni. Kila mtu pale shuleni alijua isipokuwa aliyechora jaribio. Hesabu yake ya upepo ilikuwa sahihi kabisa kwa salfa ya shule. Ila hewa kutulia si hewa kusimama, na kusi, hata ikiwa nyepesi, ilivusha mpakani salfa ya mtu mwingine.

Nilimuuliza mwalimu baadaye kwa nini hakulisema mapema. Alifikiri kidogo. "Siku ile mnapiga hesabu za upepo ubaoni, nilidhani mmeshalihesabu. Ninyi ndio wasomi." Sentensi hiyo niliiandika nikaipigia mstari. Mwaka mzima wa kusimama mlangoni ulikuwa umemfundisha kwamba anachokijua yeye si sayansi.

Kudhani hakutoshi, hata kama kila mtu anakubali. Mwalimu wa Kemia ndiye aliyebuni mtego: karatasi nyeusi za jalada, zikapakwa mafuta ya mgando, zikafungwa kwenye vijiti kwa urefu wa mashada, mbili mbili kila mstari. Ziliwekwa jioni na kuchukuliwa saa mbili asubuhi, jirani akishamaliza. Chini ya lenzi ya mkono chembe za njano zilionekana waziwazi kwenye karatasi za mstari wa kwanza, chache kwenye wa pili, na kwenye wa tatu wanafunzi walibishana kama ile moja ni salfa au chavua. Wakalinganisha na salfa ya kwenye mfuko. Wakarudia siku ambayo jirani hakupuliza: karatasi tupu, vumbi la kawaida tu. Matawi mazito ya mistari miwili ya mwanzo yalikuwa yanachuja ule unga kabla haujafika wa tatu.

Siku zile za karatasi nyeusi ndizo nilizoona sayansi ikifundishwa katika shule ile. Aliyekuwa mlangoni sasa ni mtafiti. Mwalimu alikuwa katikati, akiuliza: tumejuaje si vumbi? Tumejuaje si chavua? Ile siku ambayo jirani hakupuliza ina kazi gani? Aliposhindwa swali alisema sijui bila kutazama mlangoni.

Gharama ilikuwepo, na naieleza ili asije mtu akadhani hiki ni kisa cha ushindi. Jaribio la machipukizi lilikufa. Ulibaki mstari wa tatu peke yake, miti minane, na kwa bahati ya kura mitano ilikuwa imesafishwa na mitatu haikusafishwa. Mtafiti alisema wazi kwamba idadi hiyo haitoshi kusema lolote, na wanafunzi, waliokuwa wanataka sana kusema kitu, walikasirika naye wiki nzima. Yule binti hakupata jibu la swali lake. Mtafiti naye alipoteza sura moja aliyoitegemea kwenye tasnifu, na msimamizi wake, kwa alivyonisimulia, hakuona karatasi za mafuta ya mgando kama mbadala. Matokeo ya mtihani wa kidato cha nne mwaka uliofuata sikuyatumia kama ushahidi wa chochote. Darasa moja, mwaka mmoja, walimu waliobadilika katikati. Nikiyatumia nitakuwa nafanya lile lile la miti minane.

Lakini mzee wa bodi aliambiwa. Novemba wanafunzi wanne walisimama kwenye kikao, wakaeleza kwa Kiswahili, karatasi nyeusi mkononi, walichouliza, walichokipata wasichokitafuta, na walichoshindwa. Mzee aliishika karatasi, akaigusa kwa kidole, akanusa. "Hii ni salfa," akasema. Ndiyo, mzee. "Ya nani?" Kicheko kikajaa chumba, kwa sababu jirani mwenyewe naye ni mjumbe wa bodi, na alikuwa amekaa pale.

Jirani hakukasirika. Alisema kama ndivyo, basi shule imlipe nusu ya mafuta ya mashine. Mkuu wa shule, ambaye hakuwahi kuchelewa kwenye hesabu, alikuwa ameshachukua kalamu: kama mistari miwili inapulizwa bure, msimu ujao shule ipulize minne tu, mifuko itakayobaki ihifadhiwe. Mtafiti akanyoosha mkono kusema hilo halijapimwa, msimu mmoja si kanuni, upepo hubadilika, na jirani anaweza kubadilisha ratiba yake. Mkuu akamwuliza: "Litapimwa na nani?"

Fedha za mtafiti zilikuwa zinaisha Desemba. Barua ya uhamisho ya mwalimu wa Baiolojia, kwenda wilaya nyingine ya mkoa, ilikuwa imefika wiki mbili kabla, nayo ilikuwa kwenye mkoba wake akiwa amekaa pale pale kwenye kikao. Mwalimu wa Kemia alitazama pembeni, kisha akasema wanafunzi wa kidato cha pili wanaweza, akiongezewa karatasi za jalada.

Juni iliyofuata nilipita. Magunia ya mahindi bado yalikuwa maabara, ila yamesogezwa ukutani na meza moja imeachwa wazi. Juu yake palikuwa na kopo la mafuta ya mgando na rundo la vijiti. Mwalimu wa Kemia alikuwa darasani. Mvulana wa kidato cha pili alikuja mbio, "Shikamoo mwalimu", akachukua vijiti. Nikamuuliza wanapima nini mwaka huu. Akasema jirani siku hizi anapuliza jioni, hawajui kwa nini, na wanataka kuona kama mistari miwili itakuwa ile ile.